Viza ya mwenzi kwenda Uingereza: jinsi ya kuandaa makaratasi yako ukiwa makazini

Wengi wanaofika kwenye madawati yetu Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali wanauliza swali moja: “Mume wangu yuko Uingereza, amepata hati ya ukimbizi. Nitamfuata kwa njia gani?” Wengine wanaouliza ni wenyeji wa Uganda waliofunga ndoa na mkimbizi aliyesafiri baadaye. Makala hii ni kwa ajili yenu wote. Inaeleza makaratasi yanayohitajika, namna ya kuyapata au kueleza kwa nini hayapo, na makosa yanayofanya ombi likataliwe.

Jambo la kwanza kujua ni kwamba njia imebadilika. Zamani, mtu aliyepewa hifadhi Uingereza aliweza kumwita mke, mume au watoto aliowaacha nyuma kwa utaratibu wa kuunganisha familia za wakimbizi. Haukuwa na ada, haukuuliza kipato, wala haukudai mtihani wa Kiingereza. Tarehe 4 Septemba 2025 Serikali ya Uingereza iliacha kupokea maombi mapya kwa utaratibu huo. Waliotuma kabla ya saa tisa alasiri ya siku hiyo kwa saa za Uingereza wanaendelea kushughulikiwa kwa kanuni za zamani. Waliobaki wanaelekezwa kwenye viza ya mwenzi, ile ile anayoiomba mke au mume wa raia wa Uingereza. Njia hii ina ada kubwa, masharti ya kipato na makaratasi mengi. Kabla hujaanza, angalia tovuti ya gov.uk au muulize mshauri wa sheria kama utaratibu wa zamani umefunguliwa tena, kwa sababu kanuni hizi hubadilika.

Jambo la pili: viza hii haina uhusiano na mpango wa UNHCR wa kuwahamishia wakimbizi nchi ya tatu. UNHCR na OPM hawaitoi na hawawezi kuiharakisha. Ombi unalituma wewe mwenyewe, kwa intaneti, kwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza.

Nani anaweza kuomba

Katika ombi hili kuna watu wawili. Mwombaji ni wewe uliye Uganda. Mdhamini ni mwenzi wako aliye Uingereza. Mdhamini anaweza kuwa raia wa Uingereza, mtu mwenye ukaazi wa kudumu, au mtu aliyepewa hadhi ya ukimbizi au ulinzi wa kibinadamu. Mtu ambaye bado anasubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi hawezi kudhamini.

Nyote wawili mnatakiwa muwe na miaka 18 au zaidi, muwe mmewahi kuonana ana kwa ana, muwe na nia ya kuishi pamoja kwa kudumu, na uhusiano wowote wa zamani uwe umekwisha kabisa. Ndoa iwe ya hiari. Kama unalazimishwa kuolewa au kuomba viza, mweleze mfanyakazi wa ulinzi. Maelezo yako ni siri.

Wasio na ndoa rasmi pia wanaweza kuomba, wakithibitisha kwamba uhusiano wao unafanana na ndoa na umedumu angalau miaka miwili. Tangu tarehe 31 Januari 2024 kanuni hazidai tena kwamba miaka hiyo miwili muwe mmeishi nyumba moja. Hili ni muhimu kwa wakimbizi, maana vita na safari vimewatenganisha watu wengi.

1. Makaratasi ya kukutambulisha

Unahitaji hati ya kusafiria. Mkimbizi aliyetambuliwa Uganda anaweza kuomba hati ya kusafiria ya wakimbizi. Unaanzia OPM, na hati yenyewe inatolewa na idara ya uhamiaji. Inachukua muda, kwa hiyo anza nayo. Usiende kuomba pasipoti kwenye ubalozi wa nchi uliyoikimbia kabla ya kuzungumza na mshauri wa sheria, kwa sababu hatua hiyo inaweza kuleta maswali juu ya hadhi yako ya ukimbizi.

Ongeza kitambulisho chako cha mkimbizi na atestasheni ya familia inayotolewa na OPM. Kama una kadi ya mpiga kura ya Kongo, cheti cha shule au cheti cha ubatizo, viweke pia. Usivitupe kwa kudhani ni vya zamani.

Hapa ndipo tatizo la majina linapoanza. Mkongomani ana jina, postnom na prénom. Kwenye kadi ya mpiga kura yako matatu, kwenye atestasheni yameandikwa mawili, na cheti cha kanisa kina jina la ubatizo peke yake. Mwandikaji mmoja ameandika “Kahindo”, mwingine “Kaindo”. Tarehe ya kuzaliwa mahali pamoja ni ile ya kweli, pengine ni tarehe 1 Januari kwa sababu siku ya kuandikishwa hukuikumbuka.

Afisa anayesoma ombi lako hajui mazingira hayo. Anachoona ni watu wawili tofauti. Kwa hiyo fanya hivi:

- Tandika hati zako zote mezani na uandike kwenye karatasi moja jina na tarehe zilivyo katika kila hati.
- Kosa lililoko kwenye rekodi za OPM, nenda dawati la usajili ukaombe lirekebishwe. Usirekebishe kwa kalamu. Hati iliyofutwafutwa ni mbaya kuliko hati yenye kosa.
- Lisiloweza kurekebishwa, lieleze kwenye barua yako: hati ipi ina kosa, lilitokeaje, na jina sahihi ni lipi.

2. Makaratasi ya ndoa

Uingereza inaitambua ndoa ikiwa ilikuwa halali kwa sheria ya mahali ilipofungwa. Kwa hiyo jiulize: tulifunga ndoa wapi, na sheria ya pale inasemaje?

*Kama mlioana Kongo.* Sheria ya familia ya Kongo inatambua ndoa iliyofungwa mbele ya afisa wa eta-sivili, na ndoa ya kimila iliyosajiliwa kwake. Ndoa ya kanisani peke yake haitoshi kisheria. Wengi walitoa mahari, wakabarikiwa kanisani, na hawakufika eta-sivili. Kama ndivyo ilivyokuwa kwenu, usidai kuwa na ndoa ya kiserikali. Unaweza kuomba kama mwenzi ambaye uhusiano wake unafanana na ndoa, na mahari, picha na cheti cha kanisa vikawa ushahidi wa uhusiano huo.

*Kama mlioana Uganda.* Ndoa ya kanisani inatakiwa ifungwe kwenye kanisa lenye kibali cha serikali, na rekodi yake ifike URSB. Omba nakala iliyothibitishwa kutoka URSB badala ya kutegemea cheti cha mchungaji peke yake. Ndoa ya kimila inasajiliwa kwenye ofisi ya sabukaunti, na sheria inataka hilo lifanyike ndani ya miezi sita baada ya sherehe. Ndoa ya Kiislamu nayo ina utaratibu wake wa kusajiliwa. Imamu aliyewafungisha ndiye wa kuulizwa kwanza.

*Kama cheti kilipotea wakati wa kukimbia.* Kanuni za Uingereza zinamruhusu afisa kusamehe hati iliyopotea kabisa au isiyotolewa katika nchi fulani, mradi kuna sababu ya kweli. Lakini hawezi kusamehe jambo ambalo hakuambiwa. Andika ilipotea wapi, mwaka gani na katika mazingira gani, kisha weka kilichobaki: picha za harusi, barua ya kanisa au msikiti, na maelezo ya shahidi aliyekuwepo, yakiwa na jina lake, sahihi, mawasiliano na nakala ya kitambulisho chake.

*Kama mmoja wenu alikuwa na ndoa ya awali.* Weka hati ya talaka au cheti cha kifo. Wajane wengi hawana cheti cha kifo, maana mume aliuawa kijijini na hakuna ofisi iliyoandika. Eleza hivyo. Kama ulipoandikishwa Uganda ulisema wewe ni mjane, rekodi hiyo inakusaidia.

3. Ushahidi kwamba uhusiano wenu ni wa kweli

Cheti kinaonyesha kwamba mlioana. Afisa anataka pia kuona kwamba bado ninyi ni mke na mume. Hapa watu wengi hupeleka ama picha tatu za harusi, ama kurasa mia nne za WhatsApp. Yote mawili hayasaidii. Chagua vichache vinavyoonyesha muda wote, tangu mlipofahamiana mpaka mwezi huu:

- Picha kumi mpaka ishirini za miaka tofauti, pamoja na watoto, wazazi na majirani. Chini ya kila picha andika tarehe, mahali na waliopo.
- Mazungumzo ya simu na WhatsApp: kurasa mbili au tatu za kila baada ya miezi michache, zenye tarehe na namba zinazoonekana. Orodha ya simu mlizopigiana inafaa pia.
- Risiti za pesa anazokutumia, ziwe za Western Union, WorldRemit, MTN au Airtel.
- Kama alikuja Uganda kukuona: muhuri wa uhamiaji, tiketi ya ndege, risiti ya nyumba ya wageni na picha za safari hiyo.
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wenu.
- Rekodi za hifadhi zinazomtaja mwenzi: atestasheni yenu ya zamani, au nakala ya mahojiano ya mdhamini huko Uingereza.

Hiyo ya mwisho ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mdhamini alipohojiwa na maafisa wa Uingereza aliulizwa kama ana mke, mume au watoto. Majibu yake yamehifadhiwa na yatalinganishwa na yako. Mwombe akutafutie nakala ya mahojiano hayo kupitia wakili wake. Kama hakukutaja, au kama wewe uliandikishwa makazini kama mtu asiye na mwenzi, msinyamaze. Huenda aliogopa kukuweka hatarini, au mkalimani hakuelewa, au mwandikaji aliuliza tu nani yupo nyumbani siku hiyo. Sababu ya kweli iliyoelezwa mapema inasikilizwa. Ikigunduliwa na afisa mwenyewe, itasomwa kama uongo.

Kuna tatizo jingine la hapa kwetu: laini za simu. Wengi walisajili laini kwa jina la jirani au rafiki mwenyeji, kwa sababu wakati ule hawakuwa na kitambulisho kinachokubalika. Matokeo yake risiti za pesa zina jina la mtu mwingine. Mwombe huyo aliyekusaidia aandike barua fupi kwamba laini ni ya matumizi yako, aweke sahihi na nakala ya kitambulisho chake. Kuanzia leo, sajili laini kwa jina lako.

4. Makaratasi ya kipato: kazi ya mdhamini

Sehemu hii ndiyo inayowaangusha wengi, na karibu yote iko mikononi mwa mwenzi aliye Uingereza. Msomee kwa simu au mtumie makala hii.

Tangu tarehe 11 Aprili 2024, mdhamini anatakiwa awe na kipato cha angalau pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya makato. Hiyo ni karibu pauni 2,417 kwa mwezi. Kiasi hicho hakiongezeki kwa sababu una watoto. Mshahara unaopata wewe Uganda hauhesabiwi. Lakini kama mdhamini ana kazi mbili, mishahara yote miwili inajumlishwa.

Kama amekuwa kwa mwajiri mmoja kwa miezi sita au zaidi, anaandaa:

- karatasi za mshahara za miezi sita mfululizo;
- taarifa za benki za miezi hiyo hiyo, zenye jina lake, zikionyesha kila mshahara ukiingia;
- barua ya mwajiri inayotaja kazi, kiwango cha mshahara, ameanza lini, amelipwa kiwango hicho tangu lini, na kama ajira ni ya kudumu, ya muda au ya wakala.

Kama alibadilisha kazi ndani ya miezi sita iliyopita, ataulizwa kipato cha miezi kumi na miwili. Kama amejiajiri, atahitaji hati za kodi za mwaka mzima wa fedha uliokamilika.

Kila tarakimu kwenye karatasi ya mshahara iendane na ile iliyoingia benki. Mshahara unaolipwa mkononi hauna ushahidi. Taarifa ya mwisho ya benki iwe ya ndani ya siku 28 kabla ya siku ya kutuma ombi. Kwa sababu hiyo, usimwambie akusanye taarifa za benki leo wakati hati yako ya kusafiria itatoka baada ya miezi mitano. Zitakuwa zimepitwa na wakati.

*Akiba.* Kipato kikipungua, akiba inaweza kujazia, ikiwa imekaa benki miezi sita chini ya usimamizi wenu. Hesabu yake ni hii: chukua kiasi kinachopungua, zidisha kwa 2.5, kisha ongeza 16,000. Anayepata pauni 25,000 anapungukiwa 4,000, kwa hiyo anahitaji akiba ya pauni 26,000. Asiye na kipato kabisa anahitaji 88,500. Pesa za zawadi kutoka kwa ndugu zinakubalika zikikaa miezi hiyo sita, lakini ahadi ya shemeji kwamba “atasaidia kila mwezi” kwa kawaida haihesabiwi.

*Msamaha wa kiwango hiki.* Mdhamini anayepokea baadhi ya misaada ya serikali kwa ajili ya ulemavu, au posho ya kumtunza mgonjwa, hapimwi kwa pauni 29,000. Anaonyesha tu kwamba familia inaweza kujikimu. Aweke barua ya msaada huo na taarifa za benki zinazoonyesha unavyoingia.

*Kama hafikii kwa njia yoyote.* Bado kuna nafasi, ingawa ni nyembamba. Afisa anatakiwa kuangalia kama kukataa kutaleta madhara makubwa yasiyo ya haki kwa familia, na maslahi ya mtoto yana uzito hapo. Ombi la namna hii linahitaji hoja za kisheria na ushahidi: ripoti za hospitali, barua ya shule, maelezo ya kwa nini mdhamini hawezi kuishi nanyi Uganda au kurudi nchi aliyoikimbia. Usilitume bila mshauri wa sheria.

5. Nyumba, Kiingereza na kifua kikuu

*Nyumba.* Mdhamini aonyeshe mahali mtakapoishi: mkataba wa kupanga, barua ya mwenye nyumba inayokubali uingie, na idadi ya vyumba na watu. Kushiriki nyumba na wengine kunaruhusiwa, mradi familia iwe na angalau chumba cha kulala cha kwake peke yake na nyumba isizidi idadi inayoruhusiwa na sheria.

*Kiingereza.* Unahitaji kufaulu mtihani wa kusikiliza na kuzungumza wa kiwango cha A1, ambacho ndicho cha chini kabisa: kujitambulisha, kueleza familia yako, kuuliza bei. Mtihani lazima uwe wa kampuni na kituo vilivyomo kwenye orodha ya gov.uk. Cheti cha kozi ya Kiingereza ya makazini hakikubaliki hapa, ingawa kozi yenyewe itakusaidia kujiandaa. Wenye miaka 65 au zaidi, na wenye ulemavu au ugonjwa unaowazuia, wanaweza kusamehewa kwa ushahidi wa daktari.

*Kifua kikuu.* Mtu anayeishi Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi au Kongo anatakiwa kupimwa kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa na Uingereza. Cheti cha kituo cha afya cha makazini hakitumiki. Kampala, vipimo hivi hufanywa na IOM. Cheti kinadumu miezi sita, kwa hiyo usikimbilie kupima mwanzoni. Mjamzito amwambie mhudumu kabla ya kupigwa picha ya kifua. Ukikutwa na kifua kikuu, viza haijafungwa: unatibiwa kwanza, kisha unapimwa tena.

6. Watoto

Watoto walio chini ya miaka 18 wanaweza kuomba pamoja nawe, kila mmoja na fomu yake. Kila mtoto anahitaji hati ya kusafiria na cheti cha kuzaliwa. Kwa waliozaliwa Uganda, cheti kinatolewa na NIRA. Karatasi ya hospitali ni mwanzo tu wa kukipata. Kama mmoja wa wazazi wa mtoto hayumo kwenye ombi, unahitaji ridhaa yake kwa maandishi, cheti chake cha kifo, au ushahidi kwamba wewe peke yako ndiye unayemlea. Watoto wa ndugu mnaowalea, hata kama wanakuita mama, wana kanuni tofauti na ngumu zaidi. Usiwaandike kama watoto wako wa kuzaa.

7. Tafsiri na kupiga nakala

Hati yoyote ambayo si ya Kiingereza au Kiwelshi lazima iwe na tafsiri kamili. Hii inahusu cheti cha Kifaransa cha eta-sivili, barua ya mchungaji ya Kiswahili, na pia ujumbe wa WhatsApp. Mfasiri aandike kwamba tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina kamili, sahihi na mawasiliano yake. Usijitafsirie mwenyewe, na mwenzi wako asifanye hivyo.

Hati zinapandishwa kwenye mtandao. Zipige skani kwenye duka la fotokopi, au zipige picha kwa simu mchana, hati ikiwa imelala bapa na pembe zote nne zikionekana. Pandisha pande zote mbili. Ipe kila faili jina linaloeleweka, kama “cheti cha ndoa na tafsiri”. Hati halisi ziweke kwenye mfuko wa plastiki, mbali na mvua na moto, na nakala zake umtumie mtu unayemwamini.

8. Barua zenu mbili

Kila mmoja aandike barua yake, kurasa mbili zinatosha. Eleza mlivyokutana, mlivyooana, mlivyotengana na kwa nini, mnavyowasiliana sasa, na mipango yenu. Taja tarehe unazozikumbuka. Usizozikumbuka andika mwezi au majira, usibuni. Halafu somianeni barua hizo kwa simu. Lengo si kuzifanya zifanane neno kwa neno. Lengo ni kugundua mapema kama mmoja ameandika 2016 na mwingine 2018. Mwisho wa barua, weka orodha ya hati ulizopeleka na maelezo ya zile zisizopatikana.

Gharama

Kuanzia Aprili 2025 ada ya ombi kwa aliye nje ya Uingereza ilikuwa pauni 1,938 kwa kila mtu. Juu yake kuna malipo ya huduma ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, ambayo kwa viza ya miezi 33 yanafika pauni 3,105. Kwa mtoto ni pauni 776 kwa mwaka. Ada hizi hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo hakikisha kiasi kwenye gov.uk siku ya kulipa.

Kama hamna uwezo kabisa, kuna fomu ya kuomba kusamehewa ada. Inajazwa kabla ya kulipa na kabla ya kutuma ombi la viza. Wote wawili mtaeleza mapato, matumizi na madeni, na taarifa za benki na za pesa za simu. Ukishalipa, umechelewa kuomba msamaha huo.

Ratiba ya kufuata

Mwanzo: hati ya kusafiria, marekebisho ya majina, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Hizi ndizo zinazochelewa. Wakati mnasubiri: kujifunza Kiingereza, kukusanya picha na risiti, tafsiri, na mdhamini kutunza karatasi za mshahara. Hati ya kusafiria ikishatoka: mtihani wa Kiingereza na kipimo cha kifua kikuu. Panga vyote kwenye safari moja ya Kampala kama inawezekana, maana nauli ni mzigo. Mwisho: taarifa za benki za ndani ya siku 28, barua mbili, fomu, malipo, na miadi ya alama za vidole kwenye kituo cha maombi ya viza.

Ukikataliwa, soma barua ya kukataliwa na mtu anayejua sheria siku hiyo hiyo. Aliye nje ya Uingereza kwa kawaida ana siku 28 za kukata rufaa.

Jihadhari na matapeli

Tangu utaratibu wa zamani usimame, wamejitokeza watu makazini na Kampala wanaodai wana “mtu ndani ya ubalozi”, au wanauza vyeti vya ndoa na taarifa za benki. Hati ya uongo katika ombi inaweza kukufungia mlango wa Uingereza kwa miaka 10, na inamweka mdhamini pia matatani. Fomu ya kweli iko gov.uk tu na ada inalipwa huko huko. Usimwachie mtu hati zako halisi. Hakuna mfanyakazi wa OPM, UNHCR au shirika lolote anayeruhusiwa kukudai pesa au ngono ili akupe barua au miadi. Likikutokea, ripoti kwenye dawati la ulinzi lililo karibu nawe au kwa namba ya bure iliyobandikwa pale.

Kwa ushauri wa sheria Uganda, Refugee Law Project husaidia wakimbizi bila malipo. Kwa upande wa Uingereza, mdhamini amtafute wakili au mshauri aliyesajiliwa na mamlaka ya ushauri wa uhamiaji, ambayo tangu Januari 2025 inaitwa Immigration Advice Authority. Orodha ya washauri hao iko wazi, na anaweza kukagua jina la mtu kabla ya kumlipa.

Wiki hii unaweza kuanza na mambo mawili yasiyo na gharama: kutandika hati zako na kulinganisha majina, na kumpigia mwenzi wako kumuuliza analipwa kiasi gani na alisema nini kwenye mahojiano yake. Majibu hayo mawili yatakuonyesha kama ombi lenu liko tayari, linahitaji muda, au linahitaji wakili.